Ziwa Rutamba kwenye kipupwe chenye joto: tutembee saa ngapi, tubebe nini?

mgeni_kusini:
Wakuu, heshima mbele. Julai hii Lindi inachoma kama Novemba: kusi limelegea, usiku hata shuka ni zito. Tuko wanne, tunataka kutembea kandokando ya Ziwa Rutamba, tuguse msitu wa Litipo, turudi mjini siku hiyohiyo. Tuanze saa ngapi, maji kiasi gani, viboko je? Mwenzetu mmoja amebeba nguo za kuogelea.

Mtama_Kwetu:
Karibuni. Anzeni saa 1:15 asubuhi, si kabla. Jua mwezi huu linachomoza kama saa 12:40, na kiboko aliyechelewa malishoni bado yuko njiani. Usiku anakula nyasi nchi kavu, alfajiri anarudi majini kwa njia yake ya siku zote. Mtaitambua: ni pana, nyasi zimelala pande mbili, katikati kuna kigongo kwa sababu miguu ya kushoto na ya kulia inakanyaga mbalimbali. Msiifuate. Ikateni mpite. Kinachoua watu ni kusimama kati ya kiboko na maji.

Halafu joto lenyewe lina hila. Asubuhi ya baridi mamba anapanda ukingoni kuota jua, na viboko nao hujilaza nje, kwa hiyo mnawaona. Kukiwa na joto wote wanabaki majini. Ukingo ukiwa mtupu siku kama hizi, msijipe moyo. Kaeni mita kumi au zaidi kutoka maji, na asiiname mtu kunawa.

Angalieni na tope. Kiangazi maji yanarudi nyuma, yanaacha tope lenye gamba kavu juu. Gamba hilo linabeba mbwa, mtu halimbebi.

bi_zahanati:
Nguo za kuogelea zibaki mjini, hata mamba wasingekuwepo. Kwenye maji yaliyotulia kuna konokono wanaobeba kichocho, na vimelea vyake hutoka kwa wingi jua likipanda, vikapenya ngozi kwa dakika chache. Kujifuta haraka kwa taulo kunasaidia kidogo, lakini si kinga. Aliyekanyaga maji apime baada ya wiki 6 hadi 8. Akiwahi, mayai ya vimelea bado hayajaonekana, ataambiwa yuko salama bure.

Maji ya kunywa lita 3 kwa kila mtu. ORS, ule unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini, pakiti moja ni kwa lita moja kamili. Wengi huimimina yote kwenye chupa ya nusu lita, chumvi inazidi na kiu inaongezeka. Anayeacha kutoka jasho huku kichwa kinamuuma na anaongea ovyo, mlazeni kivulini, mmwagieni maji, mpepeeni, gari litafutwe hapohapo.

njia_ya_Rondo:
Litipo ni msitu wa hifadhi: kibali ulizieni TFS (Wakala wa Huduma za Misitu), na ofisi ya kijiji ijue mpo. Kijana wa pale awaongoze, hilo msibanie hela.

Vaeni mikono mirefu. Mwezi huu upupu umekauka, maganda yake ya kahawia yananing'inia pembeni mwa njia na upepo mdogo tu unapeperusha vinywele. Ukiwashwa usijikune, unavizamisha. Bandika gundi ya tepe, ivute, rudia na kipande kipya.

Vya kutazama: furukombe juu ya mti mkavu, mnandi aliyetandaza mbawa azikaushe, kima msituni. Komba wa Rondo naye yumo, gramu 60 hivi na mkia kama brashi ya chupa, lakini ni wa usiku, na usiku kando ya ziwa ni wa viboko. Ndege wananyamaza mapema kukiwa na joto. Saa 4 mmebaki na nzi.

mgeni_kusini:
Shukrani wakuu. Kuogelea kumefutwa, mwenzetu kanuna. Bodaboda waje kutuchukua saa 6?

Mtama_Kwetu:
Saa 4 na nusu. Nauli lipeni nusu, nyingine wakirudi.