Tupeane uzoefu: kupanda vilima na mwenzi wako msimu wa baridi, kisha kupumzika baa ya kijijini

Mwanzisha mada, Sheffield

Wanajukwaa, salamu kwenu nyote. Ninaomba tupeane uzoefu, hasa sisi wanandoa tunaoishi Uingereza, kuhusu kutembea vilimani miezi ya baridi na kumalizia safari katika baa ya kijijini. Ninaanza mimi.

Desemba ya mwaka juzi, mimi na mume wangu tulipanda treni hadi Edale, kijiji kilicho chini ya Kinder Scout, kilima chenye urefu wa mita 636 ambacho ndicho kirefu kuliko vyote katika hifadhi ya Peak District. Mume wangu amewahi kufika kilele cha Uhuru, mita 5,895, kwa hiyo hakuona sababu ya kuhofia mahali ambapo Kilimanjaro inapazidi zaidi ya mara tisa. Simlaumu hata kidogo. Lakini Kilimanjaro alikuwa na mwongozaji na wapagazi, ilhali Kinder tulikuwa wawili tu, na kule juu hakuna kilele cha kukilenga kwa macho, bali uwanda mpana wa udongo mweusi wa mboji uliokatwakatwa na mifereji, ambayo ukungu ukishuka yote hufanana.

Tulikawia kijijini tukinywa chai, tukaanza kupanda ngazi za mawe za Jacob's Ladder saa sita mchana, na hilo ndilo lililokuwa kosa letu kubwa, kwa kuwa jua la Desemba huko huzama kabla ya saa kumi jioni. Yeye alitangulia, mimi nikabaki nyuma kwa hatua mia moja au zaidi. Nilipomfikia nilijaribu kufunga zipu ya koti nikashindwa, vidole vikiwa vimekufa ganzi. Alinivua glavu zilizolowa, akaifunga ile zipu, akaichukua mikono yangu na kuiweka kwapani mwake chini ya koti lake, tukasimama hivyo mpaka damu ikarudi, na maumivu ya damu ile yalinitoa machozi. Hapo akasema, "Mama watoto, turudi."

Tuligeuka saa nane na nusu, tukashuka njia ile ile tuliyopandia. Tulifika baa ya Old Nags Head, pale inapoanzia njia ndefu ya Pennine Way, giza likiwa limeshaingia, tukaagiza supu ya moto na mkate. Nilikishika kijiko kwa mikono miwili. Tangu siku ile tunaandika saa ya kugeuka kwenye karatasi kabla ya kutoka nyumbani, na saa hiyo ikifika tunageuka, hata kama kilele kinaonekana. Je, wenzetu mnaamuaje?

Mchangiaji, Manchester

Ahsante, dada, kwa kulieleza jambo hili waziwazi. Mimi na mke wangu tunafuata hesabu iliyoachwa na Mskoti William Naismith mwaka 1892: saa moja kwa kila kilomita 5, na saa moja zaidi kwa kila mita 600 za kupanda. Kwa mzunguko wa kilomita 13 wenye mita 450 za kupanda, hesabu hiyo inatoa takriban saa tatu na dakika ishirini. Hata hivyo, Naismith hakuhesabu mapumziko, wala matope, wala theluji, kwa hiyo majira ya baridi tunaongeza nusu ya muda huo, kisha tunahesabu kurudi nyuma kutoka saa ya jua kuzama ndipo tunapojua ni treni gani ya kupanda.

Kuhusu kutangulia, ndugu yangu mume wa dada ataniwia radhi: kwetu anayekwenda polepole ndiye anayekaa mbele. Mke wangu ndiye anayeweka mwendo, na ndiye anayeshika ramani.

Mchangiaji, Lancaster

Sisi ni Waislamu na hatunywi pombe, na kwa miaka mingi mke wangu hakutaka hata kukanyaga mlango wa baa. Ninamheshimu kwa hilo. Siku moja ya Januari tulipanda hadi Stickle Tarn, ziwa dogo lililo juu ya bonde la Langdale, chini ya jabali la Pavey Ark. Kingo za ziwa zilikuwa zimeganda. Tulitawadha kwa maji ya uvuguvugu tuliyoyabeba kwenye chupa ya chai, tukasali alasiri juu ya jiwe kavu, na kwa kweli sijawahi kusali mahali penye utulivu kama ule.

Tuliposhuka, mvua ya barafu ilitupiga usoni hadi hoteli yenye baa ya Old Dungeon Ghyll, ambako ukumbi wa wapanda milima ulikuwa zamani zizi la ng'ombe. Mke wangu alisimama mlangoni akitazama moto, kisha akaingia. Tuliagiza chai na viazi vya kukaanga. Ninawashauri wenzangu wapige simu kabla ya kwenda, kwa sababu baa nyingi za vijijini hufunga jiko kati ya chakula cha mchana na cha jioni, na mtu aliyelowa hapaswi kuambiwa kwamba chakula kimekwisha.

Mchangiaji, Glasgow

Kwa wanaokuja Uskoti: kabla ya kwenda Glencoe, bonde lililozungukwa na milima, someni taarifa za maporomoko ya theluji, ambazo hutolewa kila siku msimu wa baridi. Sisi tuliwahi kuzisoma tukiwa tayari tumevaa buti, tukazivua, tukapita njia ya bondeni tu hadi baa ya Clachaig Inn. Mume wangu alinuna njia nzima. Kwenye supu alinyamaza kidogo, akaniambia nilikuwa sahihi.

Mwanzisha mada, Sheffield

Nimemsomea mume wangu maoni yote, na amekubali nikae mbele. Ameuliza swali ambalo huenda na wengine wanalo: simu ikizimika kwa baridi, mtaitaje msaada? Tumefundishwa hivi: puliza filimbi mara sita ndani ya dakika moja, tulia dakika moja, kisha rudia. Simu ikiwa inafanya kazi, piga 999, omba polisi, kisha waambie unahitaji waokoaji wa milimani. Filimbi zetu sasa zimefungwa kwenye mikanda ya mabegi, moja kwangu na moja kwake.