Sukari inapanda nikiwa nimelala, au ni mawazo?

Mtu wa Daftari: Wakuu, habari zenu. Nina kisukari aina ya pili, mwaka wa tatu sasa, natumia vidonge vya metformini vya kushusha sukari peke yake. Kazini wanapunguza watu, na tangu tetesi zianze usingizi umekuwa wa mang'amung'amu. Kinachonichanganya ni hiki: nikipima kabla ya kulala napata 6.9 (mmol/L), naamka nakuta 9.6, na hapo katikati sijatia kitu mdomoni. Mke wangu ameshahukumu kwamba naamka usiku kudokoa. Sukari inatoka wapi? Na mawazo kweli yanapandisha sukari, au tunafarijiana tu?

Kichwangumu: Acha chakula cha usiku mkuu. Itashuka yenyewe.

Nesi wa Zamu: Kichwangumu, hapana. Sukari hiyo inatoka kwenye ini lake mwenyewe. Mtu akilala njaa, ini ndilo linalolisha ubongo hadi asubuhi. Zinazoliamuru liongeze kasi kuelekea alfajiri ni homoni, zikiwemo homoni ya ukuaji na kotisoli, ile homoni ya mfadhaiko. Kotisoli huwa chini kabisa karibu na saa sita usiku, kisha hupanda hadi kilele mara baada ya kuamka. Asiye na kisukari hutoa insulini, homoni inayoshusha sukari, ya kutosha kufidia. Wewe, Mtu wa Daftari, huna akiba hiyo.

Kuhusu mawazo: haipothalamasi iliyo kwenye ubongo huiamsha tezi ya pituitari, nayo huziamsha tezi zilizokaa juu ya figo, kotisoli inamwagika. Ini linatengeneza glukosi zaidi, misuli inaanza kuikataa insulini. Mfumo huu uliumbwa kwa hatari ya dakika chache. Tetesi za kazini zinakaa miezi, na barua yenyewe haijaandikwa.

Bi Kimya: Mimi nilisingizia mawazo mwaka mzima kumbe ni vidonge vya prednisoloni vya pumu. Hiyo ni ndugu wa kotisoli, ya kutengenezwa. Nikimeza asubuhi, mchana na jioni sukari haishikiki. Kuna dawa nyingine unatumia, hata sindano ya kiungo? Kama zipo usiache ghafla! Ukizitumia kwa muda tezi zako husinzia, na ukikatisha mwili unabaki bila kotisoli. Hilo linaweza kuua.

Mtu wa Daftari: Sina dawa nyingine. Basi nikapime kotisoli?

Nesi wa Zamu: Usikimbilie. Kiwango chake hubadilika saa hadi saa, damu ya mara moja haikuambii kitu. Daktari huitafuta akiona dalili zake: michirizi ya zambarau tumboni, ngozi inayovilia damu ovyo, mapaja yasiyo na nguvu ya kuinuka kitini. Fanya hivi kwanza: tegesha kengele saa tisa usiku, pima, siku tatu au nne. Ikiwa sawa saa tisa halafu juu asubuhi, ni ile ini kuongeza kasi alfajiri. Ikiwa tayari iko juu, tatizo limeanza mapema zaidi. Wanaochoma insulini ndio hasa waangalie isiwe imeshuka mno. Kwa metformini pekee hilo ni nadra.

Kichwangumu: Kengele saa tisa kwa mtu asiyelala? Mnamwongezea hiyo hiyo kotisoli 😂

Nesi wa Zamu: Siku nne tu, mzee. Ila umesema kweli, usingizi mbovu peke yake unaidhoofisha insulini. Kwa hiyo mkuu, kliniki waambie na habari ya kutolala, usiwapelekee namba tupu. Na usijiongezee dozi.

Mtu wa Daftari: Mrejesho, usiku wa nne. Kulala 7.0, saa tisa 6.7, kuamka 9.4, na siku zote nne zinafanana hivyo hivyo. Kliniki ni Alhamisi, naenda na daftari. Mke wangu aliamka na kengele zote nne, ameona namba kwa macho yake. Anasema kesi ya kudokoa imefutwa, ila kengele hiyo asiisikie tena.