Mtaji wa dagaa unaliwa mbalamwezi ukiwa kwenye simu. Nyie mnahifadhije?

MamaMwaloni

Habari za jioni wakuu. Naomba ushauri, na mtanisamehe nitaandika ndefu.

Mimi nanunua dagaa hapa Mwanza, Kirumba Mwaloni. Nafunga magunia, nauza kwa wanaopeleka Kongo na wengine wa Dar. Anayeijua kazi hii anajua tunaishi kwa kufuata mwezi. Giza likiwa nene wavuvi wanaingia ziwani na taa, dagaa wanafuata mwanga, mzigo unamwagika. Mbalamwezi ikitoka taa haina kazi, mitumbwi inapumzika wiki na kitu. Siku hizo ndizo zinazonimaliza. Hela ninayo, iko kwenye simu, na hapo ndipo tatizo lilipo. Mtoto anataka madaftari, natoa. Msiba kwa jirani, natuma. Luku, vocha, shemeji kakwama Bunda hana nauli. Giza likirudi, mtaji uliokuwa 1,400,000 umebaki laki tisa na sikumbuki nilinunua nini.

Mwezi wa tatu binti yangu akanifungulia akaunti ya benki kwa simu. Namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa, maswali mawili matatu, namba ya siri, tayari. Tawini hatukukanyaga. Kuweka naweka kwa wakala na sikatwi kitu. Nikajiambia mtaji ukae benki, ya kula ikae kwenye simu.

Sasa juzi Jumanne, mzigo wa kwanza baada ya mbalamwezi. Nimeamka saa tisa usiku, saa kumi na moja kasoro nipo mwaloni, boti la visiwani linashusha. Mwenye mzigo anataka keshi kwa sababu boti linageuza asubuhi hiyohiyo. Nafungua programu ya benki: "Huduma haipatikani kwa sasa, jaribu tena baadaye." Nikaingia kwa menyu ya nyota, hivyohivyo. Mle ndani mna 1,150,000 yangu, ujumbe wa jana yake unanionyesha salio, na siwezi kuligusa. Nimesimama na kamba zangu za kufungia magunia mkononi, mwenzangu akauchukua ule mzigo naona. Huduma ilirudi saa mbili. Bei ilishapanda na dagaa waliobaki walikuwa na mchanga.

Nauliza hivi: hela ya mtaji mnaiweka wapi ili msiile, lakini alfajiri ikitakiwa ipatikane? Binti anasema niifunge kwa muda maalumu. Naogopa. Na sitaki kurudi kwenye kuificha kwenye ndoo ya unga.

Kijana_wa_Nyegezi

Pole sana mama. Mimi naona anayetakiwa kufungwa kwa muda maalumu ni shemeji wa Bunda.

WakalaIgoma

Dada pole. Mimi ni wakala huku Igoma, mwaka wa sita sasa, wa mitandao ya simu na wa benki mbili. Nikueleze mambo yalivyo huku ndani ya kibanda.

Wakala ana mifuko miwili, keshi na floti, yaani salio lake la kwenye simu au mashine. Ukija kuweka unanipa keshi, floti yangu inapungua. Ukija kutoa, keshi inapungua, floti inapanda. Sasa wewe unakuja saa kumi na moja alfajiri unataka milioni na ushee. Hata benki ingekuwa hewani, mimi nina laki mbili tu, nyingine sikulala nayo kwa kuogopa vibaka. Ungekwama palepale, ila ungenilaumu mimi.

Keshi kwenye kibanda inajaa jioni, kuanzia saa kumi na moja hadi saa moja, wenye maduka wanapoleta mauzo. Wakati huo mimi mwenyewe nakuwa natafuta mtu wa kutoa, maana floti imeisha na keshi imenijaa. Kwa hiyo mpigie wakala wako mchana, mwambie "leo jioni nataka laki saba". Atakutunzia. Na usitegemee njia moja, usiku huohuo hamisha kiasi kutoka benki kwenda kwenye akaunti ya simu, ili benki ikilala huku kuwe macho.

Makato nayo yanakwenda kwa ngazi. Kutoa elfu ishirini mara tano ni ghali kuliko laki moja mara moja. Wateja wangu wanaolia kuhusu makato ndio haohao wanaokuja kutoa asubuhi, mchana na jioni kama wanaokunywa dawa. Kila kukatwa wanakuita tozo. Tozo yenyewe, ile ya serikali kwenye miamala ya simu, naikumbuka, ilianza Julai 2021 na wiki ile nilikuwa nafungua kibanda nakaa kucheza bao. Septemba wakaishusha asilimia 30, watu wakaanza kurudi mmojammoja.

La mwisho, la kuweka. Namba ya akaunti ikishaingia kwenye mashine, jina linatokea kabla ya kuthibitisha. Mimi nalisoma kwa sauti. Mteja anaitikia "ndiyo, ndiyo" huku anaangalia barabarani kama daladala yake imefika. Mmoja aliweka 640,000, tarakimu moja imekosewa, jina nimelisoma si lake, kaitikia ndiyo. Tulizunguka siku tisa kuirudisha. Sikiliza jina. Usiondoke dirishani hadi ujumbe uingie kwenye simu yako wewe. Karatasi ya mashine yangu isikutoshe. Ujumbe ukichelewa, angalia salio kwanza, usiniambie nirudie.

Mwalimu_Kisumu

Hujambo mama. Mimi ni mwalimu ng'ambo hii ya ziwa, dagaa wenu sisi tunawaita omena. Huku tuna M-Shwari, huduma ya kuweka na kukopa ndani ya M-Pesa, tangu 2012. Kutoa pesa M-Pesa kuipeleka M-Shwari hakuna ada, kuirudisha pia hakuna, na kwa hivyo haikunizuia chochote. Nilikuwa naweka jioni, asubuhi nachota.

Kilichonisaidia ni ile akaunti ya kufunga. Unachagua miezi. Ukiitaka kabla ya wakati huipati hapo hapo, unaomba kisha unangoja saa 48. Riba yake ni ya kununua sukari, na ushuru wa asilimia 15 unakatwa humo humo, kwa hivyo usiifuate kwa sababu ya riba. Mimi nafuata zile saa 48. Hamu ya viatu huisha kabla hazijaisha. Nimewahi kuomba kuifungua Ijumaa usiku, Jumapili jioni pesa ikaja, nikaitazama nikaona aibu, nikairudisha.

Lakini hapo ninasema karo ya watoto. Mtaji wa omena usiufunge mama, boti halingoji saa 48. Na ukianza kuweka utaanza kuitwa ukope. Huku ada ya mkopo huo ni asilimia 7.5 kwa mwezi mmoja. Ukiizoea utakuwa unawafanyia kazi wao.

DadaWaKaunta

Nafanya kazi benki, yako siijui na usiitaje. Mifumo inafunga hesabu za siku usiku, na matengenezo mengi yanapangwa usiku kwa kuwa watu wamelala. Wewe ndiye uko macho na wavuvi wako. Kwa hiyo usitarajie alfajiri iwe ya uhakika, hata kwa benki nyingine.

Akaunti za kufungua kwa simu tupu mara nyingi zina kikomo cha kiasi. Nenda tawini na kitambulisho chako cha NIDA wakukamilishie taarifa kabla hela nyingi haijaingia ikagoma katikati. Halafu piga *106# uone laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako, usiyoitambua peleka kwa mtandao husika. Zile jumbe za "ile hela tuma kwenye namba hii" zipeleke 15040.

Na swali: binti aliyekufungulia anaijua namba ya siri?

MamaMwaloni

Mmenifungua macho, hasa kaka wa Igoma, sikujua keshi ina saa zake.

Dada wa kaunta, anaijua. Ni mwaka aliozaliwa mjukuu wangu, nyumba nzima inaijua, hata mjukuu. Nimeibadilisha leo, binti amenuna.

Nilimuuliza mwenye boti kwa nini asipokee kwa simu au nimlipe kwa lipa namba tuachane na keshi. Akacheka. Kisiwani kwao wakala ni mmoja, keshi ikimwishia anasubiri boti kama watu wengine, na wavuvi pale hawakubali kulipwa kwa simu wakati hawana pa kuitolea. Kumbe hela inaweza kuwa nyingi kwenye simu ya kisiwa kizima na watu wakashindwa kununua mkaa.

MamaMwaloni

Wakuu, narudi baada ya wiki tatu.

Ada ya Januari nimeifunga miezi mitatu, 350,000. Shemeji alipiga siku ya pili. Nikamwambia hela imefungwa na benki, akauliza ni benki gani hiyo isiyo na utu. Nikasema wanaitwa benki tu.

Mtaji uko benki. Laki tatu ipo kwenye simu usiku wa kuamkia boti. Jumatano nikampigia wakala wa huku Kirumba saa saba mchana, saa kumi na mbili na nusu nikakuta ameniwekea laki saba kwenye mfuko wa sukari. Elfu kumikumi zilikuwa chache, nyingi elfu mbilimbili za wauza samaki, zimeloa na zinanuka sato. Tulizihesabu wawili mara mbili, mke wake ametushikia tochi.

Basi usiku ule upepo ukachafuka ziwani, boti halikuja. Alhamisi halikuja. Siku mbili nimelala na laki saba kwenye ndoo ileile ya unga niliyoapa kuiacha, kila mbwa akibweka nakaa kitandani. Ijumaa boti likaingia, nikapata magunia mazuri, siyo siri.

Ila boti likichelewa hivyo, nyie mnairudisha kwa wakala au mnalala nayo? Maana kuitoa tena nitakatwa tena.

WakalaIgoma

Rudisha. Kuweka ni bure, na makato ya kuitoa mara ya pili ni madogo kuliko laki saba. Halafu siku za upepo sisi nasi keshi hatuna, kila mtu kaificha kwenye ndoo yake.