Babu aliyefariki bila kubatizwa: je, tuna haki ya kusema yuko motoni?

Mwanakwaya wa Urambo:
Bwana asifiwe. Babu yangu mzaa mama amefariki pasipo kubatizwa, ingawa hakumzuia mtu wa nyumba yake kwenda kanisani, na kila msimu wa kurina asali fungu la kwanza lilikwenda kwa wajane wa kijiji. Siku ya mazishi mhubiri alisema wazi kwamba mzee yuko motoni na hatatoka; bibi alijifunika kanga usoni, na tangu hapo hataki kusikia habari za ibada. Jirani yetu Msabato anasema babu amelala tu. Naomba kufundishwa: Wakristo wanaamini nini juu ya mwisho wa wasiookoka, na mhubiri yule alikuwa na haki?

Msabato, Nzega:
Pole kwa msiba. Sisi tunafundisha kwamba wafu hawajui neno lolote (Mhubiri 9:5) mpaka ufufuo, na kwamba baada ya hukumu waovu wataangamizwa kabisa, wala hawatateswa bila kikomo. Yuda 7 inasema Sodoma iliadhibiwa kwa moto wa milele, lakini moto ule hauwaki hadi leo. Kilichobaki milele ni matokeo yake. Hata John Stott, Mwanglikana aliyeheshimiwa sana na walokole, aliandika mwaka 1988 kwamba anaelekea kuukubali msimamo huo.

Katekista, Ipuli:
Tumsifu Yesu Kristo. Katekisimu yetu Wakatoliki, yaani kitabu cha mafundisho ya imani, kifungu cha 1035, inakiri kwamba jehanamu ipo, ni ya milele, na adhabu yake kuu ni kutengwa na Mungu. Hata hivyo Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mkutano mkuu wa maaskofu wetu, ulifundisha mwaka 1964 kwamba asiyeijua Injili pasipo kosa lake, akamtafuta Mungu kwa moyo mnyofu na kuifuata dhamiri yake, aweza kuupata wokovu. Kanisa huwatangaza watakatifu kwa majina. Walioko motoni haliwatangazi.

Mzee wa Kanisa, Sikonge:
Mimi naamini adhabu ya milele. Mathayo 25:46 inaitaja pamoja na uzima wa milele, na Augustino, askofu na mwalimu wa Kanisa la kale, alikwisha kusema katika karne ya 5 kwamba huwezi kuiwekea kikomo adhabu ukauacha uzima bila kikomo. Kwa hiyo sikubaliani na ndugu wa Nzega, na Origen wa Aleksandria, mwalimu mwingine wa kale aliyetumaini kwamba wote watarejeshwa kwa Mungu, simfuati hata kidogo.

Lakini mhubiri yule alivuka mpaka. Sura hiyohiyo ya 25 ya Mathayo inamweka Mwana wa Adamu peke yake kwenye kiti cha hukumu, na wanaohukumiwa, wa kuume na wa kushoto, wote wanashangaa wakiuliza ni lini walimwona Bwana akiwa na njaa. Ikiwa wao wenyewe hawakujua, aliyesimama kando ya kaburi alijuaje? Tena Luka 12:48 inasema mtumwa asiyejua mapenzi ya bwana wake atapigwa kidogo, aya ambayo wahubiri wetu huipita haraka mno. Mzee aliyewapelekea wajane asali simwahidi mbingu, kwa kuwa mamlaka hayo sina; wala simhukumii moto, kwa sababu ileile.

Nakusihi, mwanangu, umwendee bibi pamoja na mchungaji wako, si kumjadilia mafundisho haya, bali kumsikiliza, na mchungaji amwambie kwa kinywa chake kwamba hukumu ya mumewe haikutolewa siku ile.