Naomba ushauri: kupamba dirisha la duka la sonara

Wakubwa shikamooni, wenzangu salaam. Nina duka dogo la vito hapa Ngamiani, Tanga, na kwa msimu huu wa harusi nimekusudia kulipamba dirisha la mbele kwa mkonge, zao lililoletwa mkoani kwetu mwaka 1893, nikitandaza katani nyeupe iliyosukwa kama nywele za bibi harusi, kisha juu yake nilaze kidani kimoja tu cha dhahabu na vipuli vyake. Mume wangu anataka vyote tulivyo navyo vionekane. Mimi naona dirisha likijaa, mpita njia haoni kitu. Kinachonitatiza zaidi ni bangili za fedha, ambazo kwa unyevu wa huku pwani huingia weusi upesi. Je, niziondoe dirishani kabisa? Na taa, ziwe za manjano au nyeupe?