Antena za safu katika kupima mwangwi wa rada ndani ya jengo

Muulizaji: Ndugu wataalamu, shabaha yangu (kitu ninachokipima mwangwi) ina upana wa mita 1 nami napima kwa gigahezi 10, hivyo kanuni ya umbali, yaani umbali wa kutosha ili wimbi lifike kwenye shabaha likiwa karibu bapa, inadai takriban mita 67, ilhali chumba chetu kina mita 8 tu. Je, antena ya safu, yaani antena ndogo nyingi zilizopangwa pamoja, yaweza kunisaidia?

Mjibu wa kwanza: Yaweza. Kila kipengele (antena ndogo moja) kikipewa awamu, yaani hatua ya mzunguko wa wimbi lake, na nguvu yake, safu nzima huunda wimbi bapa mbele ya shabaha, kama litokalo mbali, mradi nguvu ipunguzwe taratibu kuelekea kingoni.

Mjibu wa pili: Safu sharti iwe pana kuliko shabaha. Tafadhali pima kwanza chumba kitupu, kisha tufe la metali, ambalo mwangwi wake hujulikana kwa hesabu, upate cha kulinganishia vipimo vyako.