Letaboksi Savannah: tumezunguka siku nzima, kisanduku hata kimoja hatujakiona. Naombeni ushauri

MamaNaDira
Heshima kwenu wakuu.

Nipo Savannah, jimbo la Georgia, Marekani, na mwanangu wa miaka 11. Tumebakiza siku mbili. Kijana amesikia habari za letaboksi, ule mchezo wa kusaka visanduku vilivyofichwa. Ndani kuna muhuri na daftari. Ukikipata, unagonga muhuri wao kwenye daftari lako na wako kwenye daftari lao, kisha unakirudisha kilipokuwa. Nikakubali, maana ni njia ya kumtembeza mji wa kale bila kusikia kwamba miguu inauma.

Jana tukachukua vidokezo vya kisanduku kimoja. Sitaviweka hapa nisiwaharibie wengine, ila kwa kifupi: simama kwa mwanzilishi wa mji, tazama anakotazama yeye, hesabu hatua. Mwanzilishi ni James Oglethorpe, mwaka 1733, hilo hata mtoto analijua. Ramani ikatuonyesha kiwanja cha Oglethorpe Square, tukaenda. Hakuna sanamu! Tumezunguka pale kama kuku anayetafuta pa kutaga.

Tumekosea wapi? Pili, hatuna muhuri wetu, kijana anasema tutumie kidole gumba. La tatu ndilo linaninyima raha: mimi mgeni, mweusi, naingiza mkono vichakani kwenye mji wa watu. Kuna bwana alikuja kutuuliza tumepoteza nini, nikababaika.

Nahodha_Mstaafu
Dada, huo mtego umenasa wengi. Savannah, sanamu na majina ya viwanja haviendi pamoja. Oglethorpe amesimama Chippewa Square. Pulaski, jenerali wa vita vya uhuru wa Marekani, hayupo Pulaski Square, mnara wake uko Monterey. Nathanael Greene, jenerali wa vita hivyo hivyo, ana kiwanja chenye jina lake, lakini kaburi na mnara wake viko Johnson Square. Viwanja vyenyewe vilivyobaki ni 22 kati ya 24, kwa hiyo ukifuata majina utamaliza likizo. Usitafute jina kwenye ramani, mtafute mtu mwenyewe.

Sanamu ya Oglethorpe ilisimamishwa 1910, na uso wake uko kusini. Sababu ni kwamba Wahispania walikuwa Florida, na koloni lake lilikuwa ngao dhidi yao. Ukielekea anakotazama unashuka na Bull Street: Madison, Monterey, halafu Forsyth Park. Mtoto atafurahi kujua kwamba Jenerali Oglethorpe bado analinda.

PweraPwera
Mnahangaika kutafuta kikopo cha plastiki kwa vidokezo, wakati simu ina GPS?

Nahodha_Mstaafu
Mkuu, kusaka visanduku kwa GPS ni mchezo mwingine, ulianza 2000. Huu ni wa 1854, kule Dartmoor, Uingereza. Mwongoza wageni mmoja, James Perrott, aliacha chupa Cranmere Pool ili wanaofika waweke kadi zao. Utamu wake ni kidokezo, si namba za satelaiti.

BintiMchongaji
Kidole gumba kinatosha kwa dharura, hakuna atakayekufukuza. Ila mwachie kijana achonge muhuri wake, ndiyo nusu ya raha. Nunueni ufutio mkubwa mweupe wa shule. Achore picha kwa penseli laini kwenye karatasi, aigandamize kwenye ufutio mpaka ihamie, halafu wewe mama ndiye ushike kisu. Kata kuzunguka mistari, usiichimbe yenyewe. Picha ikihamia hivyo inakuwa kinyume, na ukigonga inarudi sawa. Mimi wa kwanza niliandika jina moja kwa moja kwenye ufutio, mpaka leo nasomeka kwa kioo.

Achague na jina la mchezo. La kweli halitumiki.

Hatua_Saba
Nyongeza kuhusu hatua. Wapo wanaohesabu kila mguu, wapo wanaohesabu mguu wa kulia tu, yaani hatua yao moja ni zako mbili. Soma kama aliyeficha amefafanua. Kama hakusema, jaribu zote mbili kabla ya kukata tamaa. Na hesabu wewe, si mtoto.

KofiaPana
Hilo la tatu nakuelewa sana, dada. Mimi nikiulizwa nasema ukweli mara moja: "Tunacheza mchezo wa kutafuta, na mwanangu," naonyesha daftari na muhuri. Kubabaika ndiko kunakozua maswali. Nendeni asubuhi mapema, kaeni kwenye benchi kwanza, mpige picha, msubiri watu wapungue.

Kuna mahali pa kutogusa kabisa. Colonial Park Cemetery imezikwa watu tangu 1750 hadi 1853. Hata kidokezo kikipita pale, kisanduku cha mtu mwenye adabu hakikai juu ya kaburi. Matofali ya zamani usiyavute. Mkienda ngome ya Fort Pulaski, hiyo ni ardhi ya hifadhi ya taifa, hairuhusiwi kuacha kitu bila kibali, kwa hiyo msifiche cha kwenu huko.

Na ile mimea inayoning'inia mitini kama ndevu (ni ndugu wa nanasi, si kuvu), msiokote iliyoanguka chini. Huwa na vidudu vinavyowasha.

MamaNaDira
Mrejesho, wakuu. Leo saa moja asubuhi tulikuwa Chippewa. Mzee kasimama na upanga wake, kusini kweli. Hesabu ya kwanza ilitupeleka katikati ya barabara. Tukarudia kwa mguu wa kulia tu, kijana akakiona kabla yangu. Amegonga muhuri wa kasa, mkia umekatika kwa sababu mkono wangu uliteleza.

Ila daftari la ndani limelowa, kurasa zimeshikana. Nilikausha au niliache?

BintiMchongaji
Usichane kurasa. Futa maji kwenye kisanduku, funga mfuko vizuri, kirudishe, kisha mwandikie aliyekificha pale ulipopata vidokezo. Hongera kwa kasa.